NHS hulipia duru ngapi za IVF? England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini kwa kulinganisha

Wanandoa wenye umri uleule, tatizo lilelile na majibu yaleyale ya vipimo wanaweza kuambiwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mambo matatu tofauti, kwa sababu ya anwani tu. Mmoja atalipiwa duru tatu za IVF (kurutubisha yai nje ya mwili, kisha kiinitete kinachotokana nalo kupandikizwa), wa pili moja, na wa tatu ataambiwa hana haki kwa kuwa mume ana mtoto Kisumu au Tanga kutoka ndoa ya kwanza. Waswahili wengi wanaoishi Uingereza hulijua hili wakati barua ya kukataliwa imeshafika, na mwanamke ameshapoteza mwaka ambao hawezi kurudishiwa.

Ulinganisho huu ni wa kumsaidia mtu kuamua afuate njia gani, na afuate lini. Tunaposema Uingereza tunamaanisha muungano wa nchi nne, na England ni nchi mojawapo. Neno duru tunalitumia kwa matibabu, ili lisichanganywe na mzunguko wa hedhi.

Anza na viza

Kabla ya kuhesabu duru, angalia karatasi zako za uhamiaji. Anayeishi England kwa kibali cha muda hulipa ada ya afya wakati wa kuomba viza, na tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Ada hiyo humfungulia mlango wa hospitali kama mkazi mwingine yeyote, isipokuwa kwa jambo moja linalotuhusu hapa. Tangu tarehe 21 Agosti 2017, huduma za kusaidiwa kushika mimba zilitolewa katika orodha ya vinavyofunikwa na ada hiyo. Akitaka IVF ndani ya NHS atatozwa, na viwango vya kumtoza mgeni huwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS. Kwa bei hiyo, kliniki ya binafsi mara nyingi huwa nafuu.

Kanuni hii huwagusa sana watu wetu: wauguzi, wahudumu wa wazee, wanafunzi na wenzi wao. Aliyesamehewa ada kwa sababu ana viza ya wahudumu wa afya asidhani kwamba msamaha huo unafika hadi kwenye IVF. Aulize ofisi ya wagonjwa wa kigeni ya hospitali, kwa maandishi, kabla ya miadi ya kwanza. Mwenye ukaazi wa kudumu na raia hawaguswi. Mkimbizi aliyekubaliwa yuko kwenye kundi linalosamehewa malipo. Na kumwona GP, yaani daktari wa familia, ni bure kwa kila mtu, viza iwe ipi, kwa hiyo kibali cha muda kisikuzuie kwenda kuanza mazungumzo.

Kanuni hiyo ni ya England. Nchi nyingine tatu zina kanuni zao za kuwatoza wageni, na jibu la Glasgow halitokani na sheria ya London. Uliza mahali ulipo.

Kwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja kupata ukaazi wa kudumu na ana miaka 30, kusubiri kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Kwa mwenye miaka 38 si busara hata kidogo. Takwimu za HFEA, mamlaka inayosimamia kliniki za uzazi Uingereza, zinaonyesha kwamba kila kiinitete kinachopandikizwa kwa mwanamke wa miaka 18 hadi 34 huzaa mtoto kwa kiasi cha asilimia 35. Akifika miaka 43 na 44 ni kama asilimia 5, anapotumia mayai yake mwenyewe.

Kipimo cha kupimia sera: NICE

NICE ni taasisi inayoandika miongozo ya tiba. Mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu ugumba ndio rula ambayo sera za England hupimwa nayo, na maneno yake ni wazi. Mwanamke wa chini ya miaka 40 ambaye hajashika mimba baada ya miaka 2 ya kujamiiana bila kinga, au baada ya kuwekewa mbegu mara 12 (ambapo 6 au zaidi ziwe zimewekwa ndani ya mfuko wa uzazi), apewe duru 3 kamili za IVF. Akitimiza 40 katikati ya duru, amalizie hiyo aliyoianza na asipewe nyingine. Wa miaka 40 hadi 42 apewe duru 1 kamili, kwa masharti matatu: hajawahi kufanya IVF, akiba yake ya mayai haijapungua, na amezungumza na daktari kuhusu uzito wa kubeba mimba katika umri huo.

Neno la kushika hapo ni kamili. Kwa NICE, duru kamili ni kuchochea ovari mara moja na kisha kupandikiza viinitete vyote vinavyotokana na mayai hayo, vibichi na vilivyogandishwa. Chukua mfano wa kuhesabia: mayai 10 yametolewa, 8 yamekomaa, 5 yamerutubishwa, na 3 yamefika siku ya tano yakiwa imara. Kwa kuwa siku hizi hupandikizwa kiinitete kimoja kimoja ili kuepuka mapacha, duru hiyo moja ina nafasi tatu za mimba. Bodi ya afya ya eneo inayolipia kibichi kimoja na kilichogandishwa kimoja imekuachia kiinitete cha tatu ukilipie mwenyewe: kukitunza kwenye barafu, dawa, na siku ya kukirudisha.

Ndiyo maana tunamshauri kila anayesoma sera ahesabu viinitete vitakavyorudishwa kwa fedha za NHS. Duru mbili zilizokatwa hivyo zinaweza kukupa nafasi nne tu, na kwa mwanamke anayetoa mayai mengi, duru moja kamili inaweza kumpa tano.

Kosa jingine la kutisha: mwongozo huo unahesabu na duru ulizojilipia. Aliyelipa mara mbili kliniki ya binafsi anabakiwa na moja kati ya tatu. Katika eneo linalotoa duru moja tu, aliyejilipia mara moja huenda akakosa kabisa, kwa sababu baadhi ya bodi huandika kwamba asiwe amewahi kufanya IVF popote. Hiyo popote ni pamoja na Nairobi, Dar es Salaam na India. Kama una haki ya NHS, tumia haki hiyo kwanza, kisha fungua pochi.

Nchi nne kwa mtazamo mmoja

| Nchi | Nani anaamua | Duru, mwanamke chini ya miaka 40 | Matibabu yalipo |
|---|---|---|---|
| England | Bodi ya kila eneo (ICB) | 1 hadi 3, kutegemea eneo | Kliniki zenye mkataba na bodi |
| Uskoti | Serikali ya Uskoti, sera moja | 3 | Aberdeen, Dundee, Edinburgh, Glasgow |
| Wales | Kamati ya pamoja ya NHS Wales | 2 | Cardiff na Neath. Wa kaskazini huvuka kwenda England |
| Ireland ya Kaskazini | Wizara ya Afya, sera moja | 1 kamili tangu Mei 2024 | Belfast |

England: jibu liko kwenye GP wako

England ndiyo ngumu kuliko zote, basi tutakaa hapa zaidi. NICE inapendekeza tu, na anayelipa ni bodi ya eneo, inayoitwa Integrated Care Board au ICB kwa kifupi. Bodi hizo zilipoanza kazi tarehe 1 Julai 2022 zilikuwa 42, zikirithi sera za vyombo vidogo vilivyokuwapo kabla. Zilirithi pia tofauti zake. Ndani ya bodi moja, mtaa huu uliweza kutoa duru tatu na mtaa wa pili moja. Mwaka 2025 bodi za Greater Manchester na Cheshire and Merseyside zilipeleka kwa wananchi pendekezo la kuisawazisha mitaa yao yote kwa duru moja. Kusawazisha kwa namna hiyo ni kuwashusha waliokuwa na tatu, na tunadhani ni haki kulisema hivyo bila kulipamba. North Central London ilikwenda upande wa pili: iliposawazisha mwaka 2022 ilifuata NICE na kuweka hadi duru tatu.

Bodi nyingi hutoa moja. Huu ndio ukweli wa England, na matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu za HFEA: mwaka 2023, kati ya duru zote za IVF zilizofanyika Uingereza, NHS ililipia asilimia 27. Uskoti ililipia zaidi ya nusu ya zake, England kama robo.

Bodi inayokuhusu hutokana na GP uliyeandikishwa kwake, na sera nyingi huangalia GP wa mwanamke atakayebeba mimba. Kama mume ameandikishwa Leicester na mke Luton kwa sababu ya kazi, panga mapema nani ahamie kwa nani, kwa kuwa kuna sera zinazotaka wote wawili wawe ndani ya eneo, na nyingine hutaka uwe umekaa huko kwa muda fulani. Ukihama wakati rufaa (barua ya GP ya kukupeleka kliniki) iko njiani, usiandikishwe kwa GP mpya kabla ya kuuliza kliniki bodi ipi itaendelea kulipa. Watu wamepoteza duru kwa kubadilisha anwani wiki mbili kabla ya sindano ya kwanza.

Kupata sera yenyewe si kazi kubwa. Tafuta jina la ICB yako pamoja na maneno "fertility policy", na ufungue hati kamili, maana kipeperushi huficha vifungu. Kuna vipengele vitano tunavyotaka uvisome mara mbili.

Cha kwanza ni watoto. Sera nyingi za England zinasema kwamba mmoja wenu akiwa na mtoto aliye hai, wa kumzaa au wa kuasili, hamlipiwi. Hazibagui kama mtoto huyo anaishi nanyi au analelewa na bibi yake Bukoba. Mwanamke ambaye hajawahi kuzaa hunyimwa kwa sababu ya mtoto wa mumewe. Tunaliona jambo hili kuwa kali mno, hasa kwa jamii zetu ambako mtu huingia ndoa ya pili akiwa na familia nyuma yake, lakini usijaribu kuficha mtoto. Fomu husainiwa na wote wawili, na mtoto yuleyule ameshaandikwa kwenye maombi ya viza au ya benefiti. Uongo ukigundulika matibabu husimama.

Cha pili ni umri, na siku ambayo umri huo unahesabiwa. Kuna sera zinazosema kabla ya kutimiza 40 siku ya rufaa, nyingine siku ya kuanza dawa. Tofauti kati ya siku hizo mbili inaweza kuwa miezi minane. Yamekuwapo pia maeneo, hasa kusini, yaliyofunga mlango kwenye 35, kwa hiyo usijipe moyo kwa 40 ya NICE mpaka uione kwenye hati ya kwenu.

Cha tatu ni tafsiri ya duru, kama tulivyoeleza. Tafuta sentensi inayotaja viinitete vilivyogandishwa: vingapi, na kwa muda gani vitatunzwa kwa fedha za bodi. Tafuta pia wanasemaje kuhusu duru iliyovunjika kabla ya mayai kutolewa, maana kuna bodi inayoihesabu na nyingine haiihesabu.

Cha nne ni uzito. BMI ya mwanamke, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, hutakiwa iwe kati ya 19 na 30 karibu kila mahali, na bodi kadhaa hupima na mwanamume. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 77 ana BMI ya 30.1, naye atarudishwa nyumbani kwa gramu mia mbili. Utapanda mizani mara mbili, siku ya kwanza kliniki na karibu na siku ya kuanza dawa, kwa hiyo lenga 29 ili ubaki na nafasi ya kupumulia.

Cha tano ni wanawake wawili wanaoishi pamoja na wanawake wasio na mwenzi. Sera kadhaa zinawataka kwanza wajilipie kuwekewa mbegu mara sita au zaidi ili kuthibitisha ugumba, mzigo wa maelfu ya pauni ambao mke na mume hawaubebi. Mkakati wa afya ya wanawake wa mwaka 2022 uliahidi kuondoa kikwazo hicho kwa wanawake wawili. Bodi zimeitekeleza ahadi hiyo kwa kasi tofauti.

Dawa nazo huleta mshangao mdogo. England hutoza pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa, na duru moja huwa na dawa kadhaa. Kadi ya malipo ya mapema ya miezi mitatu ni pauni 32.05, hivyo kuanzia dawa ya nne tayari umeokoa. Katika nchi nyingine tatu dawa za NHS hazitozwi.

Uskoti: ukarimu wenye masharti makali

Tangu Aprili 2017 Uskoti hutoa hadi duru tatu kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40, sera moja kutoka Shetland hadi Dumfries, ilimradi daktari anaona kuna matumaini ya kweli ya kupata mtoto. Wa 40 hadi 42 hupata moja, kwa masharti yanayofanana na ya NICE. Kwa aliye chini ya 40, duru ya kuchochea mayai lazima ianze kabla ya siku ya kutimiza 40, na vilivyogandishwa viwe vimesharudishwa kabla ya 41.

Kwa wasomaji wengi tofauti kubwa ni kifungu cha watoto: Uskoti inataka angalau mmoja wenu awe hana mtoto wa damu yake. Yule mume mwenye mtoto Tanga hafungi tena mlango. Mwishoni mwa 2024 serikali ya huko ilitangaza pia kuwafungulia njia watu wasio na mwenzi.

Ukali uko kwenye mwenendo. Wote wawili muwe hamvuti sigara na hamna nikotini mwilini kwa angalau miezi mitatu kabla ya matibabu, na muendelee hivyo. Nikotini humaanisha pia sigara ya umeme, ugoro, tumbaku ya kutafuna pamoja na mirungi, na hata plasta za kusaidia kuacha sigara. Wanaume huanguka hapa kuliko mahali pengine popote, wakidhani kipimo ni cha mke. Pombe wote wawili muache kabla na wakati wa matibabu. BMI ya mwanamke iwe 18.5 hadi 30. Muwe mmeishi pamoja miaka 2, na pasiwe na mmoja aliyefunga uzazi kwa hiari.

Kuhusu foleni, lengo la kitaifa ni kwamba asilimia 90 ya wanaostahili waanze ndani ya miezi 12 tangu rufaa. Weka hesabu hiyo mbele: rufaa katika miaka 39 na nusu inaweza kukukuta umeshapita 40.

Wales: mbili, na mbili za kweli

Wales hulipia duru mbili kwa aliye chini ya miaka 40 na moja kwa wa 40 hadi 42. Sera ni moja kwa nchi nzima, na duru yake hujumuisha viinitete vyote vizuri, vibichi na vya barafu. Kwa hesabu yetu ya viinitete, hii ni bora kuliko maeneo mengi ya England hata kabla ya kuangalia idadi ya duru. Kuhusu watoto, Wales inafanana zaidi na Uskoti: inatosha mmoja wenu awe hana mtoto aliye hai. BMI 19 hadi 30, bila sigara.

Wanaoishi mpakani waangalie sana. Mtu anaweza kuwa na nyumba upande mmoja wa mpaka na GP upande wa pili, na rufaa yake ikazungushwa miezi kati ya ofisi mbili. Maliza jambo hilo kwa barua moja kwa GP kabla ya vipimo.

Ireland ya Kaskazini

Kwa miaka mingi walikuwa wakitoa kiinitete kibichi kimoja na kilichogandishwa kimoja, basi. Makubaliano ya kisiasa ya Januari 2020 yaliyorudisha serikali ya huko, Stormont, yaliahidi duru tatu. Kilichofika Mei 2024 ni duru moja kamili, yaani viinitete vyote vya uchochezi mmoja, na ilitangazwa kama hatua ya kwanza kuelekea hizo tatu. Ni hatua ya kweli, ila ahadi haijatimia. Kituo ni kimoja, Belfast, kwa hiyo anayetoka Derry apange safari za mara kwa mara za ultrasaundi, nyingine za asubuhi mapema.

Je, uhame?

Kuhamia Uskoti kwa ajili ya IVF peke yake hatukushauri, isipokuwa kikwazo chako ni mtoto wa mwenzi na wewe uko chini ya 36. Kuandikishwa kwa GP mpya, kurudia vipimo na kusubiri hadi miezi 12 kunaweza kula mwaka na nusu. Kwa mwenye miaka 32 ambaye mumewe ana mtoto, na ambaye anaweza kupata kazi ya uuguzi Dundee vilevile kama Birmingham, duru tatu dhidi ya sifuri ni hoja nzito. Kwa mwenye miaka 38 pesa za kuhama zimfae zaidi kwenye kliniki ya binafsi, ambako duru moja huanzia kama pauni 5,000 na kupanda, kabla ya dawa na barafu.

Anayeishi England kwenye duru moja, bila kikwazo cha mtoto na akiwa na muda, abaki alipo na aihangaikie hiyo moja vizuri.

Rufaa isiyorudishwa

Nenda kwa GP baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Mwanamke aliyefikisha 36 asisubiri mwaka, wala aliyewahi kuugua maambukizi ya mirija, kupasuliwa uvimbe wa kizazi, au ambaye hedhi yake haieleweki. Miaka miwili ya NICE huhesabiwa tangu siku mliyoanza kujaribu, basi tarehe hiyo iandikwe kwenye faili lenu siku ya kwanza kabisa. Wengi huanza kuhesabiwa siku walipomwona GP, na mwaka mzima unapotea bure.

Vipimo ni hivi. Mwanamke: homoni ya projesteroni, inayoonyesha kama yai limetoka, siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Hiyo siku ya 21 inayotajwa kila mahali ni kwa mzunguko wa siku 28 tu. Mwenye mzunguko wa siku 35 apimwe siku ya 28, la sivyo ataandikiwa kwamba yai halitoki wakati linatoka. Halafu akiba ya mayai, ambapo homoni ya AMH ikiwa 5.4 pmol/L au chini yake huashiria mwitikio mdogo wa dawa na 25 au zaidi mwitikio mkubwa, kinga ya rubela, klamidia, na mirija ya uzazi. Mwanamume: manii, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, na chupa ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imekaa karibu na mwili isipoe. Jibu likiwa baya hurudiwa baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua muda huo kutengenezwa. Kwa hiyo mume apimwe wiki ileile mke anapoanza, asisubiri "zamu yake". Wote wawili: HIV, homa ya ini B na C. Majibu haya yana muda wa kuisha na kliniki huyarudia, basi yasiwe ya kwanza kufanywa.

Uvimbe wa kizazi na mirija iliyoziba huwasumbua zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na takwimu za HFEA za 2020 na 2021 zinaonyesha wagonjwa weusi wa miaka 18 hadi 37 wakipata mtoto kwa asilimia 24 ya viinitete vilivyopandikizwa, dhidi ya asilimia 32 kwa weupe. Omba ultrasaundi ya mfuko wa uzazi mapema, maana uvimbe unaokaa ndani ya mfuko ukigundulika siku ya kupandikiza, upasuaji na kupona vinakula miezi.

Wenye chembe za selimundu wote wawili wana njia yao tofauti. NHS England hulipia hadi duru tatu za IVF yenye upimaji wa viinitete kwa wenzi walio kwenye hatari ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa mzito wa kurithi, hata kama hawana ugumba. Mwanamke awe chini ya 40, BMI 19 hadi 30, wote wasivute, na wasiwe na mtoto asiye na ugonjwa huo katika uhusiano wao. Sera hii ni ya taifa, haitegemei ICB. Mwombe GP akupeleke kliniki ya jenetiki, si ya ugumba. Vilevile mgonjwa wa saratani anayehifadhi mayai au mbegu kabla ya tiba hatakiwi, kwa mujibu wa NICE, kupimwa kwa masharti haya ya ugumba.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi pamoja na namba ya kifungu. Kama kosa ni la taarifa, mfano wameandika mtoto wa dada yako unayemlea kuwa ni wako, GP anaweza kurekebisha na kutuma tena, na hilo ndilo linalofanikiwa mara nyingi. Kama kifungu kimesomwa sawasawa, kuna ombi la ufadhili wa mtu binafsi, ambalo daktari hulijaza kwa ajili yako. Bodi hapo hutafuta jambo moja: una nini katika hali yako ya kitabibu kinachokutofautisha na wagonjwa wengine wa aina yako? Huzuni, ndoa kutikisika, maneno ya mawifi na mashemeji, yote ni ya kweli na yanaumiza, lakini hayapimwi humo. Barua inayosimulia machungu bila hoja ya kitabibu hurudi na jibu lilelile.

Na ukikubaliwa, uliza swali moja ambalo wengi hulisahau kwa furaha: mtoto akizaliwa kutoka kiinitete cha kwanza, vilivyobaki kwenye barafu vitakuwa vya nani kulipia? Sera nyingi za England hukoma mtoto anapozaliwa akiwa hai. Sheria inaruhusu kuvitunza hadi miaka 55, mkirudia kutoa ridhaa kila miaka 10, ila bili ya kila mwaka itakuja kwenu. Usajili wa anwani na barua pepe uwe sahihi pale kliniki, kwa kuwa barua ya ridhaa isiyojibiwa inaweza kuishia kwa viinitete kuondolewa kwenye barafu.